Pigo la Tatu la Kimya

Dunda, Bagamoyo. Jumamosi, 9 Mei. Asubuhi mvua ya rasharasha, kisha jua kali. Vitambaa vya dukani vya kuning'iniza nje nimevitoa, nikavirudisha ndani, nikavitoa tena.

Kaka yangu Nassor,

Assalaam alaykum. Sisi wazima, Baba mzima, duka liko palepale. Nakuandikia hapa kwenye ukurasa wangu wa hadithi, mbele ya kila msomaji, kwa sababu simu zangu hupokei na kwenye kundi letu la wapenzi wa katuni ulijitoa. Lakini najua unapita hapa. Kila nikiweka sura mpya ya hadithi yetu ya Kimya, alama yako ya moyo hutokea, halafu baada ya muda kidogo unaiondoa. Usijisumbue kuiondoa. Nakuwa nimeshaiona.

Wapo wanaosoma hapa kwa mara ya kwanza, kwa hiyo nivumilie nikikukumbusha mambo unayoyajua.

Nilikuwa kidato cha pili, wewe umemaliza cha nne na unangoja matokeo. Ulirudi nyumbani na ile katuni ya Kijapani ya watu wa upanga, ipo kwenye flashi, ukaichomeka kwenye televisheni ya sebuleni. Mama alikuwa ameshatutoka, nyumba ilikuwa ya watu watatu na ilikuwa na utulivu mwingi kuliko tulivyopenda. Majina ya wale Wajapani yalitushinda, tukawapa ya kwetu. Kijana asiyesema neno tukamwita Kimya. Mzee aliyemlea na kumfundisha upanga tukamwita Mwalimu.

Kimya aliondoka nyumbani kwa Mwalimu alfajiri moja bila kuaga. Akapita nchi nzima akipigana na kila aliyemzuia njia. Alishinda kwa pigo la kwanza au la pili. La tatu, kila alipolihitaji, lilikwenda upande. Na katika sehemu ya mwisho anakutana na Mwalimu mwenyewe juu ya daraja. Pigo la kwanza linakingwa. La pili linakingwa. Kimya anainua upanga kwa la tatu, na hapo picha inakuwa nyeupe, majina ya watengenezaji yanaanza kupanda. Hawakutoa nyingine tena.

"Ndiyo imeisha?" nilikuuliza.

"Haijaisha," ulisema. "Wamechoka wao. Tumalizie sisi."

Tukamalizia. Tulimalizia kwa miaka. Tulichukua mita mbili za mbao za dukani, zile za kupimia vitambaa, tukapigana uani mpaka Baba akatoka na ukanda wa kupimia shingoni. "Hizi mita," alisema, "nipimie khanga au nipimie vichwa vyenu?" Tukaziacha mita, tukabaki na maneno. Wewe ulikuwa fundi wa kumtoa Kimya Japani. Siku moja ulimshusha Kerege, ukamweka kando ya barabara akakate mananasi ya wasafiri kwa upanga, kila nanasi pigo moja, na maganda yanaanguka yamejipanga. Baadaye ukampa kiwanja Mapinga. "Kila mtu anajenga Mapinga," ulisema, "samurai kakosa nini?" Nilicheka hadi nikaharibu hesabu ya vifungo niliyokuwa naifanya. Ukaniita Bi Shajara, kwa kuwa kila ulichokibuni nilikiandika na tarehe yake.

Lakini juu ya pigo la tatu hukuwa na mzaha. Ulisimamisha picha, ukanionyesha kitambaa kilichofungwa kwenye kifundo cha mkono wa Kimya. "Tazama. Huyu alivunjika utotoni, na Mwalimu akauunga mfupa vibaya. Kila akipiga mara ya tatu, unamuuma. Kosa si lake." Mimi nilikubali, kwa kuwa wewe ndiye mkubwa na kitambaa nilikiona kwa macho yangu.

Kisha ukaondoka wewe.

Sitaeleza hapa mlichogombana na Baba. Ulitaka Maskati, yeye alitaka ungoje, mkapandishiana sauti, na asubuhi yake ufunguo wa duka ulikuwa juu ya kaunta na wewe uko uwanja wa ndege. Ujumbe wako ulimfikia Baba wewe ukiwa umeshapanda ndege. Huu ni mwaka wa nne. Mjomba hutuletea habari zako, na wewe humuuliza Mjomba habari za Baba. Mnajuliana hali kupitia mtu wa tatu, kama majirani waliogombania ukuta.

Nilianza kuandika sura zetu kwa Kiswahili baada ya wewe kuondoka, nikaziweka kwenye lile kundi la wapenzi wa katuni za upanga. Wewe ulikuwemo, hukusema kitu, ila ulisoma. Kila mtu mle ana nadharia yake ya pigo la tatu. Yupo anayesema upanga ule ni wa kike na unampenda Mwalimu. Yupo anayesema wachoraji walikosea tu, akatukanwa siku nzima. Mimi nikatoa yangu: Kimya hashindwi kwa mfupa wala kwa chuma. Alitoka nyumbani bila radhi. Mkono wake ni mzima, ila kila unapofika mahali pa kumaliza jambo, haumalizi.

Walinicheka vizuri sana. "Sista, Japani kuna radhi?" Mwingine akaandika, "Subirini, sura ijayo tunamvalisha kanzu na balghashia." Mwingine, "Samurai kawa mtoto wa madrasa." Nikawajibu kwamba mzazi yupo hata Japani, na kwamba nadharia isiyopenda kuchekwa ibaki kichwani kwa mwenyewe. Nikawatajia mapambano yote, moja baada ya jingine: kila pigo la tatu lililokosa, kabla yake kuna picha ya nyumba ya Mwalimu, japo kwa kufumba na kufumbua. Wakaenda kutazama. Wakarudi hawacheki. Sasa wapo wanaoitetea nadharia hiyo kunishinda mimi.

Wewe ndipo ulipoandika maneno yako ya kwanza na ya mwisho mle: "Rayya, usitumie katuni kunisema." Kisha ukajitoa.

Nimekaa na maneno yale muda mrefu, na jibu langu ni hili. Nilipoanza kuiandika ile nadharia nilikuwa namtazama Kimya tu. Nilipofika katikati nikakuona wewe, na sikugeuza uso. Ungetaka nigeuze? Wewe mwenyewe ulipotazama kile kitambaa mkononi mwake, ulimwona nani?

Mwezi uliopita Mjomba alipiga simu kusema unaoa, Mfungo Tatu, baada ya Idi ya kuchinja. Baba alimsikiliza, akasema "Mungu awape kheri," akarudi kumkatia mteja kitambaa. Alikata vizuri, kwa mstari ulionyooka. Mteja alipotoka akaniambia, "Hiyo hadithi unayoiandika kila siku kwa simu yako, inahusu nini?"

Nikamsomea. Nilisoma wiki nzima, mteja akiingia naacha, akitoka naendelea. Ungemwona, Kaka. Baba, ambaye alikuwa akipita sebuleni akisema tunatazama vikaragosi, sasa ananikatiza: "Ngoja, huyo mwenye pete ni adui au ndugu?" Nilipofika kwenye nadharia yako ya mfupa, aliuliza, "Hiyo ya mfupa ni yako?"

"Ni ya Nassor."

"Inawezekana," alisema. "Mkono wa yule mzee ulikuwa mzito. Mtu anaweza kuunga mfupa kwa haraka akidhani amemaliza kazi." Akakunja kitambaa, akakikunjua, akakikunja upya. "Lakini kijana angesema kwamba unamuuma. Alikaa naye miaka yote ile. Mbona hakusema?"

"Ni Kimya, Baba. Haongei."

"Basi wote wawili wana makosa," alisema. "Andika hivyo."

Sijawahi kusikia tafsiri nzuri kuliko hiyo, na nimesoma za watu wengi. Imezikusanya yako na yangu bila kuivunja hata moja. Nilipoipeleka kundini, bila kutaja imetoka kwa nani, watu waliuliza huyo mchambuzi ni nani na ana ukurasa wapi.

Siku iliyofuata nilimuuliza waziwazi kama yuko radhi nawe. Nakuandikia alivyosema, neno kwa neno: "Radhi anayo. Nilimpa kabla ndege yake haijatua. Lakini mwambie haipelekwi na Mjomba, wala haipelekwi na wewe. Inaombwa na mwenyewe, inatolewa na mwenyewe." Nikamwomba ruhusa ya kuyaweka haya hadharani. Akasema, "Weka. Ila usiandike kwamba nalia, maana silii." Naandika basi: halii.

Kaka, nataka uingie kwenye ndoa yako na radhi ya Baba, uliyoisikia kwa masikio yako. Hilo tu ndilo ninalolitaka. Mengine yote yatajipanga yenyewe.

Leo nimeweka sura ya mwisho. Kundini nilikuwa nimewauliza wanataka iweje, na wengi wao wanataka damu: pigo la tatu limpate Mwalimu, daraja livunjike, mto uwe mwekundu. Nimewakatalia. Hadithi hii tumeianza watu wawili uani kwa mita za mbao, na mmoja wao akiwa hayupo, mwingine ndiye mwenye kauli. Kwangu mimi Kimya anaushusha upanga darajani. Mwalimu anageuka, anakwenda nyumbani. Kimya anamfuata kwa mbali mpaka jioni, mpaka kwenye mlango wa nyumba aliyokulia; Mwalimu anaingia, na yeye anasimama nje. Nimeishia hapo. Wameshaanza kunitukana.

Baba nilimsomea kwanza, kabla ya wote, baada ya sala ya Alasiri. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akakunja uso kama anayekagua kitambaa chenye kasoro.

"Mbona amesimama nje?"

"Anaogopa, Baba."

"Anaogopa nini?" alisema. "Mzee ameingia ndani, na hukuandika kwamba amefunga mlango."

Nimelitazama andiko langu, na ni kweli. Sikuandika.

Msalimie bibi harusi, mwambie ana wifi Bagamoyo anayejua kuandika, asiogope. Namba ya Baba haijabadilika. Mungu akulinde huko uliko.

Mdogo wako,
Rayya

Sasa ni saa nne na nusu usiku, nakwenda kulala. Simu ya Baba nimeiacha kwenye chaji, karibu na mto wake; alikuwa ameshaiuliza kabla sijaichomeka.