Waliolilia Hadithi ya Stefano

Jumatatu, 4 Oktoba 1954

Stefano ametoka gazetini! Hadithi yake nzima, na jina lake juu, na chini wameandika Ruiru. Matope ya shambani sijanawa bado, naandika hivyo hivyo. Mwalimu wa shule ndogo ya laini hii ya vibarua, mtoto wa mjane wa Maragoli anayechuma kahawa ya watu, amechapishwa pamoja na mabwana. Mimi niliishia darasa la tatu misheni na nimezaa mtu wa gazeti. Wenye darasa la nane wamezaa nini?

Nimelifunga kwa kitambaa nikaliweka ndani ya debe la posho, juu ya unga. Panya hawafiki pale.

Jumanne, 5 Oktoba

Nimeisoma tena nikichemsha mboga. Inaitwa "Chakula cha Maneno." Mama hana kitu cha kupika, ana watoto watatu. Jioni anawaketisha na kumwuliza kila mmoja leo atakula nini. Huyu viazi, huyu njahi. Basi anawapikia kwa mdomo. Sasa namenya. Sasa nakoroga. Puliza, kuna moto. Watoto wanapuliza viganja vitupu mpaka usingizi unawachukua. Asubuhi yule mdogo haamki.

Mboga zimeungua. Nimelia.

Mama huyo namjua. Ni Wairimu. Alikaa mlango wa pili na wangu mpaka Hali ya Hatari ilipokuja na Wakikuyu wote wakatolewa laini. Walitiwa kwenye kijiji kipya ng'ambo ya mto, handaki pande zote na miti iliyochongwa ncha. Mume wake alichukuliwa na hajulikani aliko. Kijiji kikiadhibiwa hawalimi, hawanunui. Wanatolewa tu kuja kuchuma kahawa hapa kwetu, homgadi wa serikali na bunduki nyuma yao. Kuongea nao marufuku. Kuwapa chakula, jela.

Njeri wake mdogo hajafa. Hapo Stefano ametunga. Njaa hakuitunga.

Na kibaba cha unga kinachopungua kwangu kila wiki najua kinakwenda wapi. Chini ya mti wa kahawa ulio mwisho wa mstari, ndani ya majani makavu. Wairimu huchuma mstari huo. Mwanangu huyo. Nani mwingine ana mtoto kama huyo?

Alhamisi, 7 Oktoba

Mkutano wa kina mama wa kanisa, mlangoni kwa jirani yangu Selina. Badala ya zaburi nilisoma gazeti. Sauti yangu ilikuwa nzuri leo. Walilia wote. Mama Rispa, mke wa nyapara, yule asiyenipenda, alilia mpaka akapenga kamasi kwenye leso mpya. Maskini, maskini.

Tukiwa katika kulia, wanawake wa kijijini wakapita barabarani wakirudishwa. Miguu mitupu, vumbi mpaka magotini. Wairimu alikuwamo, na Njeri mgongoni, vijiguu kama mabua. Tuliinamisha macho sote. Tulingoja wapite. Kisha Mama Rispa akasema, "Rudia pale pa kupuliza."

Nikarudia. Wakalia tena.

Hasira imenikaa kifuani na sijui ni ya nani. Hata mimi niliinama.

Jumamosi, 9 Oktoba

Siku ya posho. Foleni ndefu mlangoni kwa ghala. Mama Rispa akaniona nimebeba gazeti. (Nililibeba. Ndiyo.)

Akasema kwa sauti ya watu wote, "Mama Stefano, mwanao fundi wa uongo! Hata machozi yangu ameyapata kwa uongo!"

Watu wakacheka. Sikuvumilia. Nikamwambia uongo gani? Huyo ni Wairimu, mnamjua! Na mwanangu haandiki tu, anatoa! Posho hii hii, kibaba kila wiki, mkono wake mwenyewe! Nitajie wako mmoja mwenye moyo huo!

Mpimaji akabaki na kibaba hewani. Selina akanivuta shuka. Ndipo nikamwona homgadi ameketi ukutani kwa ghala, anavuta sigara yake polepole.

Nimerudi nyumbani kichwa juu. Nimemshinda Mama Rispa.

Jumatatu, 11 Oktoba

Wamemchukua. Shuleni, mbele ya watoto, na chaki mkononi. Selina amekimbia kuniambia shambani. Nilifika nikakuta ubao umeandikwa nusu.

Jumanne, 12 Oktoba

Sijachuma. Sijala.

Ni mimi. Ni mdomo huu. Hakuna mwingine wa kulaumu, nimetafuta.

Jumatano, 13 Oktoba

Thika. Lori ya mkonge ilinibeba, Mungu ambariki dereva. Kituoni kwa polisi nilikaa chini ya jua mpaka karani akanihurumia. Nilimwambia mwanangu ni mwalimu, ametoka gazetini, gazeti ni hili hapa.

Akasema, "Gazeti si kosa, mama. Sote humu tumeisoma. Bwana mkubwa alitafsiriwa, akasikitika sana. Kosa ni unga."

Walisikitika. Wakalikunja gazeti wakamfungia.

Karani akasema kesi itasikilizwa Alhamisi ya wiki ijayo. Ushahidi walio nao ni maneno yangu ya foleni, basi. Stefano amewajibu jambo moja tu, kwamba ile ni hadithi. Yakiaminiwa maneno yangu anapelekwa kambini, na huko watu wanakaa mpaka wanasahauliwa. Mwenye neno la kusema aje siku hiyo.

Wakaniruhusu nimwone kupitia waya. Mdomo umevimba. Nilitaka kuomba msamaha, yeye akaniwahi. "Mama, mstari wa mwisho umechumwa?"

Nilielewa anauliza nini. Nikamwambia sijui. Kweli sikujua. Tangu wamchukue sikumfikiria Wairimu hata mara moja.

Ijumaa, 15 Oktoba

Hakuna anayenisalimia. Selina ameniona bombani, akachota nusu ndoo akaondoka. Wanaogopa. Siwalaumu. Nawalaumu sana.

Kutwa nzima nimewaza neno moja. Mtu wa hadithi ukimlilia haombi kitu. Unafuta macho, unakwenda kupika, unga wako uko pale pale. Wairimu ukimlilia atanyosha mkono. Ndiyo maana tuliinama.

Na hili lingine linaniua. Stefano alitunga, watu wakaona kweli. Mimi nilisema kweli, nikamfunga mwanangu. Tena sikuisema kwa ajili ya Wairimu. Niliisema ili Mama Rispa anyamaze.

Nyasaye wangu, uliniumba na mdomo huu wa nini?

Jumapili, 17 Oktoba

Mhubiri amehubiri Msamaria Mwema. Alivyomweleza yule aliyeachwa njiani nusu mfu, kanisa zima liliguna kwa huruma. Nilitaka kusimama nipige kelele. Yuko ng'ambo ya mto! Ni mwendo mfupi! Nikabaki nimeketi.

Baada ya ibada Mama Rispa alinishika mkono nyuma ya kanisa. Nikajua amekuja kunicheka.

"Mama Stefano, wewe ni mtu wa kujisifu tangu siku niliyokujua."

Nikamwambia leo nihurumie.

"Sikiliza kwanza. Ulisema babako alikuwa chifu. Ulisema kuku wako anataga mara mbili kwa siku."

"Alitaga."

"Nyamaza! Basi Alhamisi nitasimama mbele ya bwana wa kesi nimwambie: mama huyu ni mwongo. Amesema chifu, hakuna chifu. Amesema kuku, hakuna kuku. Amesema unga, hakuna unga. Laini nzima tunamjua. Miaka yote nasema bure, acha siku moja niseme kwa faida."

Nikamwuliza, na Biblia utakayoshika? Yeye ni mtu wa kanisa kunishinda. Akafikiri. Akasema Mungu husoma hadithi yote, hasomi mstari mmoja. Halafu akalia, na safari hii hapakuwa na gazeti. Akasema siku ile ya barabarani alimwona Njeri, na tangu hapo chakula hakipiti.

Jumatatu, 18 Oktoba

Wamekuja mmoja mmoja baada ya kazi, kila mtu na uongo wangu wa kwenda kueleza. Selina ana ule wa Stefano kusoma akiwa na miaka miwili. Mwingine ana ule wa bibi wa bwana shamba kunibusu. Sikujua wameyaweka hivyo, kama akiba. Walikuwa wanacheka, wakiniona wananyamaza.

Inauma. Mengine si uongo. Kuku yule alitaga mara mbili, nimeona kwa macho yangu. Nimekubali hata hilo. Nimelilia kuku kama mtoto.

Nyapara amemkataza mke wake kwenda. Atakayeacha kuchuma Alhamisi hatapata posho Jumamosi, amesema hivyo kwa laini yote. Mama Rispa amemjibu atapika maneno.

Huenda wasituamini. Nimejikataza kuwaza hapo, lakini nawaza. Kambi. Mdomo ule uliovimba. Stefano atasimama pale asikie mama yake anaitwa mwongo, nami nitaitika, "Ndiyo bwana, mimi ni mwongo." Yeye ambaye nimemringia tangu siku aliyozaliwa.

Jumanne, 19 Oktoba

Mvua kidogo asubuhi. Kahawa imeiva sana upande wa mtoni.

Wanawake wa kijijini wameletwa kuchuma. Njeri yu hai. Nilimsikia akikohoa mgongoni kwa mama yake, mistari miwili kutoka kwangu. Sikuinama.

Debe la unga limepungua. Hapo sitaandika zaidi, wala sitamwambia mtu, hata Mama Rispa.

Gazeti nimelitoa ndani ya debe. Lilikuwa limejaa unga kwenye mikunjo. Nimelikung'utia sufuriani, usipotee. Kisha nimelikunja. Sitakwenda nalo.

Shati jeupe la Stefano nimelifua, limekauka. Nimelipiga pasi ya makaa.

Selina amepita kuniambia wamekubaliana wote. Tutakutana bombani kabla ya jua, tutembee pamoja mpaka Thika. Mlango kwa mlango, laini nzima, hata wale wa juu ambao sijawahi kuwasalimia vizuri.

Wanakuja Alhamisi.