Dakika Nilizomtajia Daktari

Majimoto, Jumapili

Shemeji Stanslaus,

Habari za huko Mwanza? Huku mpunga tumeshavuna na mama anakusalimu. Nimeandika kwa sababu kwenye simu mama anasikia.

Kaka yako bado yuko hospitali. Moyo unapiga, macho anafumbua, ila hamtambui mtu. Siku ya tatu walimchukua damu ikapelekwa Dar. Daktari anasema ubongo ukikosa hewa kuna kitu huvuja kikaingia kwenye damu, na ukikosa muda mrefu kinazidi. Majibu yamerudi, kimezidi mno. Akaniuliza tena Gaudensi alikaa chini muda gani kabla sijaanza kumkandamiza kifua. Nikarudia, dakika mbili.

Shemeji, tulikuwa hatusemeshani tangu asubuhi. Niliposikia kishindo stoo nilidhani anabwaga magunia kwa hasira. Nikaendelea kumpimia jirani yetu Kabula mchele, debe tatu, na soga tukapiga.

Tafadhali fika kabla ya Jumanne. Mama amemwomba Kabula aje hospitali siku hiyo amsaidie daktari kuhusu hizo dakika, maana siku ile alikuwepo.

Ni mimi shemeji yako,
Yustina