Nyeusi Yangu Haikutaka Sare

Mpendwa mshauri Bi Zubeda, shikamoo. Naomba msaada wako, na kama utanicheka basi nicheke sehemu ya kwanza tu, maana ya pili haichekeshi.

Mie ni mchongaji, nina miaka arobaini na nne, asili yangu Masasi, naishi huku Mbezi Luis nyuma ya stendi, na kazi yangu kubwa siku hizi ni kuchonga seti za sataranji, nyeusi nachonga kwa mpingo na nyeupe kwa mti wowote mweupe nitakaoupata, na kwa kuwa huwezi kuchonga farasi miaka kumi bila kutaka kujua anaendaga wapi, nikajifunza kucheza, mwanzo kwa kitabu alichoniachia mteja mmoja, baadaye kwa simu, mpaka nikaingia timu ya mtaa inayokutana kila Jumamosi kwenye ukumbi wa parokia.

Tatizo langu napenda nyeusi. Wenzangu wakipangiwa nyeusi wananuna, kwa sababu nyeupe ndiyo inayoanza, lakini mie nikiona mpingo umekaa upande wangu naona kama ukoo mzima umesimama nyuma ya kiti changu, na roho inakataa kabisa mpingo utoke sare na mti ambao nimeupaka vanishi mwenyewe ili upendeze kidogo. Najua ni ujinga, nakuandikia tu kama ulivyo.

Mwezi uliopita tulicheza na timu ya Temeke, meza nne, wao ndio waliokuwa na kombe, na kanuni ni kwamba tukilingana pointi kombe linabaki kwao. Kepteni wetu ni Mzee Deogratias, karani mstaafu, mtu asiyerudia neno, akanivuta pembeni akasema, "Alfonsi, leo una nyeusi. Ukipewa sare, chukua. Usiniletee maigizo." Nikamwambia, "Sawa mzee, nimekuelewa," na wakati ule nilikuwa namaanisha.

Mpinzani wangu alikuwa mwalimu wa hesabu, kijana mpole anaitwa Lusungu, akafungua kwa namna ile ya kubadilishana askari wa katikati mapema, ambapo pande zote mbili zinabaki sawasawa, kila kete yako inatazamana na mwenzake kama mtu na kioo, na watu wenye akili wakifika hapo hupeana mikono wakawahi chakula. Hatua ya kumi na mbili akaniangalia, akasema kwa sauti ya chini, "Kaka, sare?" Bi Zubeda, ilikuwa ni kusema ndiyo. Nikamwambia, "Sare kapeane na wa nyeupe mwenzio." Kwaya ilikuwa inafanya mazoezi chumba cha pili, hakuna aliyetusikia.

Basi nikawachukua askari wawili waliokuwa wanamlinda mfalme wangu mwenyewe nikawapeleka mbele kumtisha, wakaenda vizuri kabisa, shida ni kwamba askari akishakwenda mbele harudi, na yule mwalimu hakutishika, akaleta ngome yake taratibu kwenye uwazi nilioufungua kwa mikono yangu, na hatua ya thelathini na kitu nikamlaza mfalme, nimeshindwa. Kuinua kichwa, wenzangu wameshinda meza mbili, wamepoteza moja. Sare yangu ndiyo ilikuwa kombe.

Hapo bado nilikuwa na aibu ya kawaida, ya mtu aliyeshindwa. Ila Mzee Deogratias akaja, wala hakufoka, akauliza tu, "Hakukupa sare?" na mdomo wangu ukajibu, "Nimemwomba mie mara mbili, mzee. Kakataa, na kanicheka."

Kicheko sijui nilikitoa wapi. Hata bila kicheko uongo ungetosha.

Jioni ileile Erasmus wa meza ya pili akaandika kwenye kundi letu la WhatsApp, "Mwalimu mzima anamcheka mtu anayeomba sare, sasa watoto anawafundisha nini?" na mie nikamwekea alama ya kidole gumba. Na hapo ndipo penye kidonda, kwa sababu Lusungu ndiye aliyekuwa amependekezwa kuja kufundisha sataranji watoto wa parokia yetu likizo ya Juni, nafasi aliyoiomba miaka miwili, na sasa Mzee Deogratias amelikata jina lake kwa kalamu kwenye karatasi ya mapendekezo mbele yetu sote, akasema mtu wa dharau hatufundishii watoto, na kikao cha kupitisha hilo ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu.

Lusungu mwenyewe hajajitetea popote. Kanitumia ujumbe mie peke yangu: "Kaka Alfonsi, shikamoo. Nasikia nilikucheka. Sikumbuki, lakini kama nilikuonyesha sura mbaya pale mezani naomba unisamehe." Ananiomba msamaha, Bi Zubeda. Na ushahidi anao, maana kila mchezaji anaandika hatua zake kwenye karatasi, na sare ikiombwa inawekwa alama ya mistari miwili kwenye hatua ya aliyeomba, ila karatasi yake hajamwonyesha mtu. Ya kwangu nayo ina alama hiyohiyo, kwenye hatua yake, niliiandika mwenyewe kabla sijawa mwongo. Nimeificha chini ya misasa.

Mke wangu Yustina kaniuliza, "Umeiba?" Nikasema hapana. Akasema, "Basi umemsingizia mtu, maana sura ni ileile," akaendelea kuchambua mchicha.

Nilichofikiria ni kumchongea seti nzima ya mpingo, nzuri kuliko zote nilizowahi kuchonga, nimpelekee Temeke kama zawadi bila kueleza chochote, halafu mambo yapoe yenyewe. Farasi wawili tayari. Je, itatosha? Nikipita karibu na ukumbi siku hizi navuka barabara.

Mchongaji, Mbezi Luis

*

Mchongaji, marahaba.

Haitatosha. Hao farasi waache hapohapo. Ukimpelekea zawadi bila maelezo atakushukuru, maana ndivyo alivyo, na utakuwa umemdanganya mara ya pili, safari hii akiwa ameshika kitu kizuri mkononi.

Mie sataranji siijui. Nimemuuliza jirani yangu Jesca, ambaye anacheza, akaniambia kutafuta ushindi ukiwa na nyeusi kwenye mchezo uliolala namna hiyo si kosa, wapo wanaotafuta na wanapata, ila hao wana subira, hawaanzi kwa kumvua nguo mfalme wao. Hilo nakuachia wewe na kitabu chako. Na maagizo ya kepteni uliyoyadharau, hayo nayo yangeisha. Mzee angekununia mwezi mmoja, halafu angekupanga tena, maana nani mwingine kwenye timu yenu anaipenda nyeusi?

Ila tazama ulivyofanya ulipoulizwa. Ulikuwa na nafasi ya kushindwa kidogo, mbele ya watu watatu, ukaona hapana, lazima utoke umeshinda kitu. Ukashinda huruma. Sasa huruma hiyo anailipia mwalimu. Na usiniandikie kwamba mdomo ndio uliojibu. Mdomo una mwenyewe, na kidole kilichoweka ile alama kwenye simu ni cha mwenyewe huyohuyo, tena jioni, ukiwa umetulia, umeshaoga.

Nakuhurumia, kwa sababu mtu asiyejali asingekuwa anavuka barabara. Lakini pima. Aibu yako inakuzungusha hatua ishirini kufika nyumbani. Yake inamtoa kwenye nafasi aliyoingoja miaka miwili, na bado anaanza na shikamoo.

Sasa sikiliza. Mpigie Lusungu. Piga, usiandike, maana kwenye kuandika utajipamba. Mwambie ulisema nini, kwa nani, na kwamba ulitunga. Habari za mpingo na ukoo usimpe. Ni kijana mwelewa, atakuelewa haraka mno, na wewe hustahili kueleweka haraka hivyo. Akinyamaza, nyamaza naye. Akikata simu, iweke chini, usimpigie mara ya pili.

Ukitoka hapo itoe ile karatasi kwenye misasa uipeleke kwa Mzee Deogratias, mkononi, umwonyeshe mistari miwili iko kwenye hatua ya nani. Atakuuliza kwa nini. Mjibu, "Niliona aibu, mzee," kisha usiongeze neno. Kwenye lile kundi andika mwenyewe, chini ya maneno ya Erasmus, usimsubiri mzee akusemee. Na Jumamosi nenda kikaoni, hata wakikutumia ujumbe kwamba si lazima uje. Simama useme: sare nilipewa, nikaikataa, hakunicheka, naomba jina lake lirudishwe. Ukikaribia kusema "lakini", kaa. Wakikutoa timu, toka kwa mlango wa mbele. Wakikubakisha, msimu huu cheza meza watakayokupa na rangi watakayokupa.

Inawezekana Lusungu akarudishiwa nafasi na bado asitake kukuona. Hiyo ni haki yake, na si kazi yako kuibadilisha kwa zawadi wala kwa machozi. Kazi yako ni jina lake lirudi kwenye karatasi lilipokatwa.

Neno la mwisho. Majina yenu nimeyabadilisha, lakini wachonga sataranji wa nyuma ya stendi wanaogombea nyeusi sidhani kama mko wawili. Nakala hii ya gazeti imeshaingia mtaani tangu alfajiri, na Temeke nako inafika. Mpigie kabla hajafungua ukurasa huu.