Mama Teodora na Ndoo Yake ya Nyuma ya Mlango

Mwaka umetimia, Mama, tangu Jumanne ile ulipotuacha. Uliugua siku tisa tu, ukaenda. Wewe uliyetuandaa kwa moto, kwa mafuriko, kwa nyoka, kwa kuharisha na kwa umeme kukatika, kwa hili la kwako hukutuandaa. Mpaka leo kuna asubuhi mmoja wetu hujisahau akaita "Mama!" kabla hajafika jikoni.

Watu wa Igoma walikujua kama mpishi. Miaka ishirini na miwili uliwapikia wanafunzi uji na maharage, ukastaafu na mwiko wako mkononi. Huko shuleni ndiko ulikoona paa la jiko likishika moto. Watoto walitawanyika kila upande, na mwalimu akawahesabu mara tatu, kila mara akipata idadi tofauti. Hakuna aliyeumia, lakini ile hesabu ilikukosesha raha. Ulirudi nyumbani ukatangaza kwamba kuanzia siku hiyo nyumba yako ina namba. Wewe moja, Baba mbili, Obedi tatu, mkewe Winnie nne, wajukuu zako Evelina tano, Nathaniel sita. Hata dada Odeta, aliyeolewa ng'ambo huko Kamanga, ulimpa saba, na alitakiwa kuitaja kwa simu.

Basi kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, chai ikiisha, filimbi ililia. Tulitoka mbio na kanga zetu na kandambili za kushoto miguu yote miwili, mpaka kwenye jiwe kubwa la nyuma ya nyumba. Hapo uliita "Moja!" kwa sauti ya mpishi wa wanafunzi mia nne, na sisi tukafuata. Majirani walitucheka sana. Ngosha wa bajaji aliwahi kusimama na abiria wake akauliza, "Mama Obedi, shikamoo. Leo moto uko wapi?"

"Marahaba. Uko njiani unakuja," ulimjibu. "Wewe endelea kucheka."

Halafu ile ndoo. Ndoo nyeupe yenye mfuniko, nyuma ya mlango wa sebuleni, na ole wake aliyeichukua kwenda kuchotea maji. Ndani kulikuwa na filimbi, tochi, betri, bandeji, kiberiti kilichofungwa kwenye nailoni, nakala za kadi za bima, na karatasi yako ya maelekezo uliyoiandika kwa kalamu ya bluu. Kulikuwa pia na kopo la sukari ulilozungushia utepe wa gundi mara nne kwa sababu ya Nathaniel. Hiyo ndiyo ilikuwa sukari pekee ndani ya nyumba, maana ya jikoni uliifukuza siku ile kliniki ilipomwambia Baba kwamba ana kisukari.

Usikasirike tukisema, Mama, chakula chako kilitutesa mwanzoni. Sembe ikaondoka, likaja dona. Chumvi ikawa ya kunusa. Sato akaacha kuogelea kwenye mafuta, akachemshwa na nyanya na ndimu. Nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, na mlenda vikapanda cheo, na viazi vitamu vikaanza kuja mezani kwa kupimwa. Baba alilalamika kwamba anakula kama mgonjwa, ukamwambia, "Wewe ni mgonjwa, Ndalahwa. Ninachotaka ni uwe mgonjwa wa muda mrefu." Alicheka mpaka akamaliza sahani.

Winnie, mke wa Obedi, ndiye aliyekaa nawe jikoni kuliko sisi wote. Alikuja kutoka Rorya akiwa na aibu ya bibi harusi, akidhani mama mkwe ni mtu wa kuogopwa. Wewe ulimpa kigoda, ukampa na mchicha wa kuchambua, ukamwambia kwamba humu ndani anayeogopwa ni chumvi tu. Tangu siku hiyo alikupenda. Ila kitu kimoja hakukibadilisha. Kwao na kwetu ni mamoja, mke wa mtoto hakanyagi chumba cha baba mkwe wake. Hata ulipokuwa unaumwa, alikuletea uji mpaka mlangoni, akasubiri Evelina aupokee.

Tulipokuzika, watu walirudi makwao, nyumba ikabaki na viti vingi. Jumamosi ya kwanza ilipofika, Evelina alipuliza filimbi bila kuagizwa na mtu. Tulitoka tukasimama kwenye jiwe, tukangoja. Hakuna aliyeanza. Moja haikuitwa, na bila moja hakuna aliyejua pa kuingilia. Baba hakutoka kabisa, alibaki kwenye kiti chake sebuleni akiangalia ukuta. Tulirudi ndani bila kuhesabiana, filimbi ikarudishwa kwenye ndoo, na zoezi lako likafia hapo.

Baba naye akaanza kukikataa chakula cha nyumbani. Winnie alipika vilevile ulivyomfundisha, uji wa ulezi bila sukari na yai la kuchemsha pembeni. Baba alisema, "Asante mwanangu, nitakula baadaye," akameza vidonge vyake kwa maji, akachukua fimbo yake na kwenda kwenye mgahawa wa barabarani kunywa chai ya maziwa na chapati mbili. Tulijua. Obedi alijaribu kumwambia, akajibiwa kwamba mtoto hamfundishi baba yake kula. Winnie yeye hakuthubutu. Alifunika ule uji kila siku, na kila mchana aliunywa yeye, ukiwa umepoa, huku akilia kidogo. Aliona kazi yako inamfia mikononi.

Ndipo ikaja ile Alhamisi ya mvua ya masika. Obedi alikuwa karakana, anachomelea geti la mtu. Watoto walikuwa shule. Mvua ilinyesha tangu alfajiri, njia yote ikawa mto, na Baba hakuweza kwenda mgahawani. Alimeza vidonge, akakataa uji, akarudi chumbani kulala.

Saa nne Winnie alibisha mlango kumuuliza kama ataletewa chai. Kimya. "Baba?" Kimya. Aliita tena, akasikia mguno, kisha kitu kikaanguka. Mlango haukuwa umefungwa kwa ufunguo, ulikuwa umerudishwa tu. Angeusukuma kwa kidole. Badala yake, Mama, alitoka mbio kwenye mvua akitafuta mwanamume wa kuingia.

Tunakwambia kwa sababu yeye mwenyewe ametaka uambiwe. Alikwenda nyumba ya kwanza, akakuta kufuli. Ya pili alikuta wanawake tu. Alimpigia Obedi, simu ikaita weee bila kupokelewa, maana mashine ya kuchomelea ina kelele. Alimpigia Ngosha, akasema yuko karibu na Buhongwa na abiria, atawahi. Winnie alirudi sebuleni akiwa ameloa chapachapa, na miguu ikampeleka kwenye ndoo yako. Anasema alikuwa anatafuta namba ya simu ya mtu yeyote. Alichokuta ni karatasi ya kalamu ya bluu, ambayo sote tulikuwa tumeizoea kiasi kwamba hakuna aliyewahi kuisoma mpaka mwisho.

Juu uliandika ya moto, ukafuatisha ya mafuriko. Chini kabisa uliandika ya Baba, kama muuguzi wa kliniki alivyokufundisha: akitokwa jasho jingi, akitetemeka, akiongea yasiyoeleweka, huenda sukari imeshuka. Kama anaweza kumeza, apewe maji ya sukari upesi, halafu apelekwe hospitali. Kama hawezi kumeza, asipewe kitu mdomoni, akimbizwe. Halafu mstari wa mwisho, kwa herufi kubwa za mpishi wa shule:

"Kama niko mbali na hakuna mwingine, Winnie aingie. Chumba hicho ni changu pia, na mimi mwenye chumba nimemruhusu."

Winnie aliusoma mara moja tu. Aliing'oa ile gundi ya kopo kwa meno, akakoroga sukari kwenye kikombe, akausukuma mlango.

Baba alikuwa chini, mgongo umeegemea kitanda, shati limelowa jasho, anaongea na mtu ambaye hayupo. Alikuwa anaongea na wewe. Winnie alipiga magoti, akamshika kichwa, akasema, "Baba, ni mimi Winnie. Mama ndiye kanituma. Unaweza kumeza? Nimezee kidogo nione." Alimeza. Alimpa funda kwa funda. Kikombe kilipofika nusu, macho ya Baba yalitulia, akamtazama, akatazama mlango, akatazama kitanda chenu. Alielewa yuko wapi na nani yuko mbele yake. Akafumba macho tena, na Winnie hakujua kama ni ugonjwa au ni aibu.

Ngosha alifika na bajaji imejaa tope hadi juu, akambeba Baba mgongoni kama gunia la michembe, vile viazi vikavu. Kwenye kituo cha afya walimpima, wakasema amewahiwa. Daktari alimuuliza Winnie nani alimfundisha. Akaonyesha ile karatasi.

Usidhani yaliishia hapo. Baba alirudi nyumbani siku ya pili. Siku tatu alikaa barazani uso umegeukia njia. Winnie alimsalimia, "Shikamoo Baba," akajibiwa "Marahaba" ya chini chini, basi. Moyo wake ukamwambia ameivunja heshima ya nyumba, kwamba mzee ameokolewa lakini amefedheheka, na huenda yeye hatakaa tena na raha chini ya paa hili. Usiku alimwambia Obedi kwamba labda aende kwao Rorya kidogo, mambo yapoe. Obedi alimjibu, "Mke wangu, Mama kakuruhusu kwa maandishi. Wewe unataka mpaka muhuri?" Lakini Winnie hakucheka.

Siku ya nne, wote tukiwa mezani, Baba aliingia akaketi. Akamtazama Winnie moja kwa moja.

"Winnie. Uji wangu uko wapi?"

Winnie alisimama haraka hata akamwaga maji. "Upo, Baba. Ila hauna sukari."

"Najua hauna. Ulete."

Aliunywa wote. Kisha akaweka bakuli chini, akasema polepole, "Sikukataa upishi wako, mwanangu. Ni kwamba ladha ni ileile. Nikionja, naona kama yuko jikoni, anakuja. Halafu haji. Ndiyo maana nilikuwa nakimbilia zile chapati." Akaongeza, "Kuhusu kule chumbani, aliyekutuma ni mwenyewe. Mimi ningekuwa nani nikukataze? Wabeja, mwanangu. Asante sana."

Tulilia sote, Mama, hata Obedi, ambaye alisingizia moshi wa kuchomelea.

Tangu hapo Baba anakula. Mlenda anaulaumu vilevile, lakini anaumaliza. Karatasi yako tumeitolea nakala, moja iko ukutani, nyingine anayo Ngosha kwenye bajaji yake, na siku hizi hacheki. Kopo la sukari tumelijaza upya na kulizungushia gundi mara sita, maana Nathaniel naye anakua.

Na Jumamosi iliyopita, ya kwanza ya mwezi, baada ya chai, filimbi ililia. Tulishtuka, kwa sababu Evelina alikuwa amekaa nasi mezani. Tulitoka mbio tukamkuta Baba kwenye jiwe, fimbo mkono mmoja, filimbi mkono mwingine, anahema. Tulijipanga. Kikaja kile kimya tulichokiogopa mwaka mzima, pale palipokuwa sauti yako. Safari hii hakuna aliyerudi ndani. Baba alikingoja, akakiacha kipite chote, akavua kofia.

Kisha akaita, "Mbili!"

Ndivyo tunavyohesabiana sasa. Wanaokukumbuka ni: mbili, mumeo Ndalahwa, tatu, mwanao Obedi, nne, mkweo Winnie, uliyemruhusu, tano na sita, wajukuu wako Evelina na Nathaniel, saba, binti yako Odeta, kutoka Kamanga kwa simu, pamoja na mumewe na watoto. Pia ndugu zako wa ukoo wa Luhaga, wapishi wenzako wa shuleni, na Ngosha, ambaye ameomba apewe nane.

Misa ya kukuombea itakuwa Jumapili hii kigangoni asubuhi, na baada yake chakula nyumbani. Majirani wote mnakaribishwa. Chumvi itakuwa ya kunusa.

Mungu akupumzishe, Mama. Siku zote tutakukumbuka, na namba moja hatumpi mtu.