Mashine Inyamaze, Stellah Abaki

Kishanda, Muleba,
9 Juni 2025.

Mpendwa mjukuu wangu Rugambwa,

Wewe mtoto, una miguu au huna? Tangu tumzike babu yako hujakanyaga hapa. Mtwara ni mbali, najua, lakini barabara iliyokupeleka haijang'olewa. Watu wananiuliza kama bado nina mjukuu wa kiume. Nawajibu ninaye, anaishi ndani ya simu. Aibu hiyo ni yako, waitu mjukuu wangu, si yangu.

Haya. U mzima? Penina mkeo, mgongo umepoa? Mtoto anakula? Mimi sijambo, ni goti tu linanigomea asubuhi nikitoka kuangalia kahawa. Migomba imesimama vizuri. Anayeandika ni Paskazia, mke wa baba yako mdogo, maana mimi kalamu sikufundishwa. Lakini maneno ni yangu, na nimemkataza kuyalainisha.

Sasa nisikilize, nimechanganyikiwa, na kitu chenyewe umekileta wewe. Ile kompyuta ya mezani uliyomtumia Stellah, binti wa shangazi yako, inavuma.

Unajua kazi ya Stellah ni kusoma vitabu kwa sauti, mashine inaishika sauti yake, halafu kampuni moja ya Dar es Salaam inawapelekea wasioona wasikilize. Kazi nzuri kabisa, na anaifanyia hapa kwangu. Ila sasa wamemwambia chini ya sauti yake kuna mvumo kama wa nyuki mzingani. Wamempa mpaka mwisho wa mwezi huu. Mvumo usipoondoka, ahamie Mwanza kwenye chumba chao cha kurekodia, au kazi apewe mwingine.

Kuku nikawahamishia kwa Paskazia. Redio nikazima. Tukabaki mimi na mashine, na anayepiga kelele si mimi.

Nikafanya ninachokijua. Stellah ameisogeza mashine nyuma ya pazia, mwenyewe amevaa visikio, anasoma. Nikababua majani ya mgomba motoni, nikaizungushia mashine vizuri, juu nikaweka blanketi zito. Mara nasikia, "Bibi! Umefanya nini? Mvumo umepungua!" Nikamwambia soma, usiulize.

Akasoma. Mimi nimeketi najisifu, na sikukumbuka kwamba majani hayo hayo ndiyo nafunikia ebitoke, ndizi zetu za kupika, jikoni ili joto lisitoke. Kabla hajamaliza sura, mashine ikazima yenyewe, na alichokisoma chote kikapotea. Kufunua, joto lililonipiga usoni lingeivisha ndizi.

Hakunigombeza. Jioni nikamsikia kwenye simu anaulizia chumba cha kupanga Mwanza. Afadhali angenigombeza.

Tukaipeleka Bukoba kwa fundi Burhani, huyo mwenye kiduka nyuma ya soko. Akaniambia haijafa, imejizima ili isife. Anasema ndani kuna kitu bapa kama biskuti, kinaitwa prosesa, ndicho kinachofikiri, na kikifikiri kinachemka. Juu yake kuna feni ndogo ya kukipoza. Hiyo ndiyo inayovuma. Dawa yake ni kuitoa na kuweka kipoza kingine. Mpaka hapo nilielewa. Baada ya hapo nikapotea.

Alileta viwili mezani. Kimoja ni mnara wa mabati membamba yamepangwa kama kurasa za Biblia, na feni kubwa kama sahani ya wali. Akasema, "Bibi, hiki ndicho kimya." Nikamwambia usinichezee, feni ndogo inipigie kelele halafu kubwa ininyamazie? Akasema, "Ndogo inakimbia, Bibi. Kubwa inatembea." Sijui, Rugambwa. Mjomba wako Mwijage ni mkubwa na anatembea polepole, lakini akiingia nyumbani wote tunajua.

Kingine ni cha maji. Maji! Ndani ya umeme! Stellah alikuwa amekiona kwenye simu, akakitaka hicho. Nikauliza yakimwagika? Burhani akajibu, "Yamefungwa kwenye mipira, hayamwagiki." Nikamwambia hata aliyeniuzia ndoo alisema hivyo. Akacheka, halafu akakiri kwamba maji yanasukumwa na pampu, na pampu nayo ina kasauti kake. Sasa si tumerudi palepale?

Nikasema basi funga mnara. Kumbe mnara ni mrefu, na sanduku la mashine yako ni jembamba, huenda mfuniko usifunge. Stellah akasema liachwe wazi. Liachwe wazi na vumbi la kiangazi hiki na moshi wa jiko langu? Na mguu wa kipoza ni lazima ulingane na ubao wa ndani, na ubao huo uliuchagua wewe. Nikawaambia wote wawili nyamazeni, tunarudi nyumbani. Burhani akaisafisha, akapaka dawa mpya ya kupitisha joto, nyeupe kama ya meno, chini ya kipoza kile cha zamani. Inawaka. Bado inavuma.

Sitamwomba Stellah abaki. Nikimwomba atabaki kwa kunihurumia, na hilo silitaki. Nataka abaki kwa sababu hapa pana kimya na kazi yake inafanyika.

Paskazia anakusalimu, na Mwijage, na mama Celina wa Nshamba aliyekutunzia kahawa ya kutafuna. Msalimie Penina, mbusu mtoto. Mungu akufunike usiku na akufungulie njia mchana.

Usitume kitu kwa basi. Njoo mwenyewe kabla mwezi haujaisha. Ukifika usije kuniamkia kwanza. Pima sanduku, funga kipoza unachokijua wewe, mwambie Stellah asome ukurasa mmoja, nawe uvae visikio. Ukisikia sauti yake peke yake, ndipo uje jikoni unisalimie.

Ni mimi bibi yako, nikupendaye hata ukinikera,
Kokushubila