Picha Zangu Zilichomwa Nikiwa Kazini

Jumamosi. Upepo umepeperusha vumbi tangu asubuhi, na mimi nimekasirika mpaka kalamu inatoboa karatasi. Nimeiacha. Naandika hapa kwenye simu moja kwa moja, makosa yakiwepo yakae.

Leo nimetoka kazini agrovet, duka la mbegu na dawa za mifugo, saa saba kama kila Jumamosi. Nikiwa bado kwenye geti nikasikia harufu ya raba ikiungua. Nilidhani ni jirani.

Haikuwa jirani.

Wacha nianze vizuri. Tangu mwanangu Imani aende bodingi, chumba chake nimekifanya cha kupiga chapa. Nilianza na soli za slipas zilizokatika. Unachora kwa biro, unachonga kwa kisu kidogo, unapaka rangi kwa rola, unagandamiza kwenye karatasi. Muhuri wa kwanza niliandika jina la Imani, nikasahau kwamba chapa hugeuza kila kitu, likatoka kinyumenyume. Nilicheka peke yangu kama kichaa.

Baadaye nikajifunza kupiga chapa kwa jeli. Unanunua gelatini ya keki, unachanganya na glisirini ya chemisti na maji ya moto, unamwaga kwenye trei, unasubiri igande. Ikishaganda unaipaka rangi, unalaza majani juu yake, kisha karatasi. Ukiinua karatasi unakuta kila mshipa wa jani umeshika. Kila mshipa! Sijui niseme nini zaidi. Ni kitu cha kwanza kwa miaka mingi ambacho nimekifanya bila mtu kuniagiza.

Picha zilikuwa zimeanikwa kwenye kamba pale chumbani. Majani ya mjakaranda, majani ya malenge, na ile kubwa ya mlima Menengai niliyoichonga jioni baada ya jioni mpaka kidole kikaota sugu. Mama mmoja mwenye mkahawa pale town alikuwa ameniambia nimletee Jumatatu azione. Akizipenda angezitundika ukutani.

Sasa, mume wangu, Baba Imani, anafanya kazi kwenye mitambo ya umeme Olkaria, huja nyumbani siku za mapumziko akiwa ofu. Wiki hii yuko. Na dada yake mkubwa, Nafula, amekuja kutoka Bungoma kututembelea. Nilikuwa nimemtandikia kochi la sebuleni, lakini mgongo unamsumbua, kwa hivyo leo asubuhi nikiwa kazini akaamua kujitayarishia kitanda cha Imani.

Nimemkuta nyuma ya nyumba na fimbo, anachokoa moto kwenye shimo la takataka. Karatasi zilikuwa majivu tayari. Soli zilikuwa zinatoa moshi mweusi. Jeli alikuwa ameikatakata akawatupia kuku, na kuku wenyewe wameikataa.

Nilipiga yowe. Sioni haya kusema.

Nafula akaruka. "Mama Imani, ni nini? Si hii ni takataka?"

"Nani amekuambia ni takataka?"

"Mimi nilimuuliza Baba Imani kwanza. Nilimwonyesha. Akasema ni vitu vya kuchezea tu, nichome."

Alimwonyesha!

Hapo ndipo hasira yangu ilipotoka kwa Nafula ikaingia ndani ya nyumba. Huyu mama hajui, hajawahi kuona. Lakini yule mwanaume ameona. Mwezi jana alirudi ghafla, akasimama mlangoni akaniona nikitundika ule mlima, akasema "umeweza," akaenda kulala. Alijua pia habari ya mkahawa. Nilimwambia kwa simu, na nilikuwa na furaha mpaka nikarudia mara mbili.

Nikamkuta ameketi, miguu juu ya meza.

"Kwa nini hukunipigia simu?"

"Nikupigie nikuulize kuhusu makaratasi?" Hakushusha hata mguu mmoja. "Si utatengeneza zingine? Hiyo ni jeli tu, mama."

Jeli tu.

Nikamwambia mgeni atapata kitanda, sina shida na hiyo, ni cha Imani na Imani hayuko. Lakini kuanzia leo nafanya kazi sebuleni, kwenye hiyo hiyo meza, na miguu itafute mahali pengine. Akacheka. Nikachukua trei, rola na chupa za rangi zilizobaki, nikaziweka mezani moja moja mpaka miguu ikashuka yenyewe. Hakucheka tena. Akatoka nje kujifanya anaongea na simu isiyo na mtu.

Nafula alinifuata jikoni, mikono imejaa masizi. Alikuwa ameokoa muhuri wa Menengai kutoka kwa moto kwa kijiti. Upande mmoja umeyeyuka, kilele hakiko. Akauweka kando ya sinki bila kuniangalia.

"Ningejua, nisingegusa," akasema.

Nikabandika sufuria ya jeli mpya, nikamwaga glisirini, nikampa mwiko. Akakoroga taratibu, povu lisipande, kama mtu anayekoroga uji wa mtoto mchanga.

Baba Imani ameingia sasa hivi akafunua hiyo sufuria akidhani ni supu. "Tunakula nini?"

"Mayai yako kwenye kabati," nikamwambia. Dada yake akatazama dirishani.

Amekaanga mwenyewe. Ameunguza.

Jumatatu nitaenda mkahawani mikono mitupu nimwambie yule mama ukweli wote: picha zilichomwa, na ni nani aliyeruhusu. Nitamwomba wiki chache. Akikataa, akatae.

Lakini kinachonichoma hata sasa si majivu. Ni kwamba kila Baba Imani anaporudi kutoka Olkaria, mimi hufunga mlango wa kile chumba na kukusanya rangi haraka, kama mtu anayeficha chupa ya pombe. Hakuna aliyewahi kuniambia nifiche. Nilikuwa namwogopa nani?