Kiti cha Kumi cha Zornitsa Chakarova

Mwaka umetimia, Zornitsa, tangu ulipotutoka asubuhi ile ya Machi ukiwa na miaka arobaini na sita. Tangazo hili tumelibandika palepale palipokuwa na lile la kwanza la kifo chako: mlangoni pa ngazi B ya jengo letu, kwenye nguzo ya kituo cha basi, na kwenye kioo cha duka la dawa ulikofanya kazi miaka kumi na tisa. Picha ni ile uliyopigwa ukicheka. Mama yako alisema marehemu hacheki mlangoni. Mimi baba yako nikamwambia huyu alicheka.

Kila mzee ulimwandikia saa za kumeza vidonge vyake juu ya boksi, kwa herufi kubwa, na hukupandisha sauti kwa aliyeuliza mara ya tatu. Banitsa, ule mkate wa jibini, uliila ukianzia pembeni palipoungua. Soksi zangu ulizivaa bila kuomba.

Hayo majirani wanayajua. Walichokibeza ni Jumamosi zako. Bi Stoyanka wa ghorofa ya tatu, anayetazama tamthilia tatu kwa siku kama mtu aliyeajiriwa kuzitazama, alimwambia mama yako kwenye ngazi: “Yule binti yako bado anapigana na mazimwi kwenye kompyuta? Na shahada yake yote ile!” Sasa amesimama hapa anasoma. Asome mpaka mwisho.

Kila Jumamosi saa nne asubuhi ulivaa hedifoni zako ukakutana na watu tisa, kila mmoja akiwa nyumbani kwake, mkavamia ngome moja ya kwenye mchezo. Ndani yake anakaa Malkia wa Majivu. Wanahitajika watu kumi, tisa hawatoshi: wa kumzuia kwa ngao, wa kuponya majeruhi, wa kupiga. Mmoja akikosea hatua, wote wanakufa na kuanza upya.

Kazi hiyo ina mabingwa wake, nawe ulikuwa miongoni mwao. Kikosi chao kinajiita Tai wa Chuma. Kiongozi wao ni Plamen, mwanamume wa miaka arobaini ambaye ukubwa wote alioupata duniani umo ndani ya jedwali linaloonyesha nani kapiga zaidi. Siku moja akaingia Ginka, muuguzi wa miaka hamsini na nane, mgeni kabisa. Akasimama kwenye moto unaowaka sakafuni mwa ngome, akafa, wakafa wote. Siku hiyo hedifoni zako zilikuwa zimeharibika, kwa hiyo nyumba nzima tulimsikia Plamen kwenye spika:

“Bibi, moto wa saizi yako uko jikoni.”

Wakacheka, wakamfukuza. Wewe hukucheka. Ulisema, “Plamen, wiki iliyopita ulikufa mara nne. Hukujiona tu, ulikuwa unatazama jedwali lako.” Ukatoka pamoja na Ginka, na hukurudi.

Ndivyo kilivyoanza kikosi chako cha wanaoanza. Hukuwaambia wapige kwa nguvu. Uliwaambia waache kumtazama Malkia. “Mgeni humtazama zimwi kwa sababu ni kubwa,” ulisema, “kumbe kinachomuua kiko chini ya miguu yake.” Jumamosi ya kwanza nzima uliwakataza kupiga hata pigo moja. Walitembea tu, wakikwepa moto, mpaka wakatembea kama watu wanaovuka barabara ya mtaa wao. Na kila mlipokufa, kabla mtu hajamnyooshea mwenzake kidole, kila mmoja alitaja kosa lake mwenyewe, ukianza wewe kiongozi.

Daftari lako la miraba tunalo. Lina vifo mia mbili na kumi na moja, na mstari wa kwanza wa kila kifo unaanza na neno lilelile. “Mimi nilimgeuza Malkia mapema.” “Mimi nilinyamaza palipotakiwa sauti.” Plamen naye, kama anajua kuandika, bila shaka anajitaja kwenye daftari lake, ila kwenye kurasa za ushindi tu.

Ugonjwa wa damu ulikuchukua Malkia akiwa amebakiza tatu kwa mia ya uhai wake.

Mwezi uliopita Plamen alinipigia simu.

“Pole sana, mzee. Tunataka kumuenzi dada yetu.”

“Dada yenu yupi?”

“Zornitsa, mzee. Watu wake wamebaki tisa, na mwaka mzima wanakufa tu, kila wiki wakiokoteza mtu wa kumi wa kuazima. Kiti cha dada nikikikalia mimi, Malkia hamalizi dakika kumi. Halafu jina lake tunaliandika kwenye orodha ya washindi. Ginka anasema hawakubali bila ruhusa ya familia.”

“Na wanafunzi wake watafanya nini hizo dakika kumi?”

“Walale chini tu. Wakifa mapema ndiyo vizuri, hawatanisumbua. Zawadi wanapata vilevile.”

Nilikata simu nikampigia Ginka.

“Tumechoka, baba,” alisema. “Wawili wetu wanataka aje. Wanasema heri tushinde kwa mbeleko kuliko kikosi kivunjike. Na kitavunjika kweli. Tusipompata wa kumi wa kudumu kabla mwezi haujaisha, kila mtu anakwenda zake.”

Mimi nilisoma shule ya jioni, Zornitsa, nikiwa na miaka thelathini na moja, mikono ikinuka mafuta ya mashine. Wapo tuliosoma nao waliopata cheti kwa kubebwa. Nawajua kwa majina, na mpaka leo hawajui kukokotoa mzingo wa duara. Mmoja alipandishwa kuwa msimamizi wangu. Kila nilipompa salamu nilimsikitikia.

Nikamwambia Ginka, “Wa kumi yupo.”

“Nani?”

“Mimi.”

“Baba Velichko, una miaka sabini na minane!”

“Na wewe uliambiwa urudi jikoni.”

Akasema, “Jumamosi saa nne. Usichelewe. Na hupigi hata pigo moja.”

Nilikaa kwenye kiti chako. Nilikufa sekunde ya sita.

“Miguu, baba! Tazama miguu!”

“Si ndiyo naitazama!”

“Hizo ni ndala zako, mzee! Tazama ya kwenye skrini!”

Walicheka wote tisa. Nakijua kicheko cha Plamen, na hicho hakikuwa chake. Wale wawili waliotaka kubebwa ndio walionifundisha kukwepa moto.

Jumamosi iliyopita tulikufa mara kumi na nne. Mara ya mwisho Malkia alibakiza moja kwa mia. Ginka, ambaye sasa ndiye kiongozi, akaanza: “Mimi nilichelewa kuponya.” Wakafuata wengine. Zamu yangu ilipofika nikasema, “Mimi nilimtazama Malkia.” Nikaandika kwenye daftari lako, chini ya maandishi yako.

Kisha nikaongeza mstari ambao sikuwasomea. Mimi miaka sita nilipita nyuma ya kiti hiki nikitikisa kichwa, na sikuuliza hata siku moja unafanya nini. Bi Stoyanka alisema yake kwenye ngazi. Mimi nilisema yangu mezani, nawe ulikuwa unasikia.

Plamen ameandika mahali wachezaji wanapoandikiana kwamba tunalichafua jina lako kwa kushindwa mbele ya watu. Sisi jina lako hatulitundiki juu ya ushindi wa mtu mwingine. Aendelee kutazama jedwali lake.

Jumapili saa tano tutakuwa kaburini kwako na ngano ya kuchemsha ya kumbukumbu, mkate na divai. Anayekupenda aje. Siku moja kabla, Jumamosi saa nne, hatupokei wageni, kwa sababu kiti cha kumi kina mtu.

Tunaokukumbuka: mama yako Rayna, anayeuliza kila tunapokufa kama tumekula, kaka yako Asen, Ginka na wenzake wanane, na mimi baba yako, Velichko, mwanafunzi wako wa mwisho.

Hatujakusahau na hatutakusahau. Malkia bado yu hai, nasi tunarudi.